Mtoto Anayetegemewa: Mhadhara juu ya Kambi za Likizo



Nimeombwa niseme juu ya kambi za likizo, zile ambazo mtoto huaga nyumbani, akaishi na wenzake wiki moja, mbili, pengine hata nane, kisha akarudi. Wamarekani wamezikuza kwa zaidi ya karne moja na nusu, kwa hiyo nitakaa kwao muda mrefu. Sikuja kuwasifia. Nimekuja kutetea jambo moja ninaloliamini: faida kubwa ya kambi haitoki kwenye ziwa, wala farasi, wala hewa safi. Inatoka pale mtoto anapoishi na wenzake wanaomtegemea, mbali na watu waliozoea kumhudumia.

Ernest Balch aliliona hilo mapema. Mwaka 1881 alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Dartmouth, katika jimbo la New Hampshire. Shule za Marekani hufungwa kwa miezi miwili na zaidi wakati wa kiangazi, na zamani hizo familia zenye uwezo zilikimbia joto la miji zikaenda kukaa katika hoteli za milimani na za pwani. Balch akawatazama wavulana wa hoteli hizo: wamevaa vizuri, wamekula vizuri, na kutwa nzima hawana la kufanya. Hali yao ilimsikitisha. Akachukua kisiwa kidogo katika ziwa Squam, akaanzisha kambi aliyoiita Chocorua, na sharti lake la kwanza likawa kwamba kisiwani hapaji mtumishi hata mmoja. Watoto ambao kwao kulikuwa na wapishi na madobi walipika wenyewe, wakaosha vyombo wenyewe, wakafua wenyewe. Kambi ilikuwa na benki yake, na mvulana aliyetaka fedha zaidi ya posho yake alizipata kwa kufanya kazi ya mkataba hapo hapo kisiwani. Kambi ile ilikufa mwaka 1889, lakini mfano wake ulienea.

Balch hakuwa wa kwanza. Mwaka 1861, Wamarekani walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, mwalimu Frederick Gunn wa Connecticut aliwatembeza wanafunzi wake maili 40 hivi hadi ufukweni wakapige mahema, kwa kuwa wavulana walitamani kuishi kama askari. Na huko Uswisi, mwaka 1876, mchungaji Walter Bion aliwachukua watoto maskini 68 wa mji wa Zürich akawapeleka milima ya Appenzell wakale, wakacheze, wapate nguvu. Utaona kwamba mtoto maskini alipelekwa kambini ili apumzike, na mtoto wa tajiri alipelekwa ili afanye kazi. Bion alifanya jambo jema, na bado pako mahali pengi ambako mtoto anahitaji kwanza kula na kupumzika. Ila mimi leo naongea na wazazi wa mjini, na watoto wetu wa mjini ni wale wa hotelini aliowaona Balch. Dada anatandika kitanda, dada anapakua, gari la shule linapiga honi mlangoni, jioni ni masomo ya ziada, usiku ni simu. Nimefundisha watoto wa darasa la saba ambao hawajawahi kukwangua sufuria yenye ukoko. Si wavivu. Hakuna aliyewahi kuwahitaji.

Nilipokuwa mwanafunzi nilifanya kazi ya ulezi katika kambi moja kaskazini-mashariki mwa Marekani. Wamarekani wana viza maalumu kwa vijana wa nchi nyingine wanaokwenda kulea watoto kambini wakati wa kiangazi. Nililala banda moja na watoto wanane wa miaka tisa na kumi, na mezani tulikaa sisi hao hao. Kila siku mtoto mmoja alikuwa mpakuaji. Anakwenda kwenye dirisha la jiko, anapokea sinia, anawapa wenzake, yeye anakula mwisho, halafu anafuta meza. Mtoto mmoja, zamu yake ya kwanza, alijipakulia mapaja mawili ya kuku kabla ya kumpa mtu yeyote, akazungusha sinia, na likaishia kwa mwenzake wa nane likiwa na mchuzi mtupu. Meza nzima ikamtazama. Nami nikanyamaza, maana tulikuwa tumefundishwa kunyamaza katika mambo kama hayo. Akasimama akarudisha paja moja. Zamu yake ya pili nilimwona pale dirishani kabla hajabeba sinia: anahesabu vipande kwa kidole, anageuka kuitazama meza, anahesabu tena.

Sidhani kama mama yake angeweza kumfundisha jambo lile kwa maneno, hata angekuwa hodari namna gani. Nyumbani mama ndiye anayehesabu vipande. Ili mtoto ajifunze kuhesabu, ni lazima mama asiwepo, na ni lazima wawepo watoto wengine saba wenye njaa.

Kambi ya skauti nayo ilijengwa juu ya wazo hili. Agosti 1907 Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliwakusanya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Baadhi walitoka katika shule za matajiri kama Eton na Harrow, wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa miji ya karibu. Aliwagawa katika vikosi vinne, na kila kikosi akakipa kiongozi ambaye naye ni mvulana. Asubuhi aliwaamsha kwa pembe ya tandala. Pembe hiyo aliipata mwaka 1896 huko Matabeleland, katika Zimbabwe ya leo, alikokuwa akipigana dhidi ya wenyeji, na Mwafrika anayesimulia habari za skauti hana sababu ya kuiruka sehemu hiyo. Baden-Powell mwenyewe alifia Nyeri, Kenya, Januari 1941, na kaburi lake liko huko hadi leo, likitembelewa na skauti wa mataifa mengi. Tunaweza kuukataa utawala alioutumikia na bado tukakubali kwamba alipomkabidhi mtoto dhamana ya watoto wenzake, alifanya jambo ambalo shule nyingi hadi leo zinaogopa kulifanya.

Sasa niwaeleze kisa ambacho kila anayetaka kuanzisha kambi angepaswa kukijua. Kiangazi cha 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwachukua wavulana 22, wa miaka 11 hivi, hadi hifadhi ya Robbers Cave, jimbo la Oklahoma. Wavulana hawakujua kwamba wanachunguzwa, na huo ni utafiti ambao leo usingeruhusiwa kirahisi. Waligawanywa makundi mawili yaliyokaa mbalimbali, kila moja bila kujua kwamba jingine lipo. Moja likajiita Eagles, yaani Tai. Jingine Rattlers, yaani Nyoka. Kisha wakakutanishwa katika mashindano: besiboli, kuvuta kamba, kupiga mahema, na mshindi anapewa medali na visu vya mfukoni. Siku chache tu zikatosha. Walichomeana bendera, wakavamiana usiku, wakatukanana mezani. Na hao walikuwa watoto waliochaguliwa kwa kuwa hawana matatizo: dini moja, rangi moja, tabaka moja.

Watafiti wakajaribu kuwapatanisha kwa kuwalisha pamoja na kuwaonyesha filamu pamoja. Chakula kikaishia kurushwa. Kilichosaidia kilikuwa shida iliyowakuta wote. Maji ya kambi yalikatika, ikabidi makundi yote mawili yafuate njia ya bomba hadi kwenye tangi wakatafute kasoro. Siku nyingine lori la kuleta chakula likagoma kuwaka. Wavulana wakaichukua kamba ile ile waliyokuwa wakivutana nayo, wakaifunga kwenye lori, wakalivuta wote upande mmoja. Shida zenyewe zilipangwa na watafiti, lakini kiu ilikuwa ya kweli na njaa ilikuwa ya kweli. Siku ya kurudi waliomba wapande basi moja, na njiani kundi moja likatoa dola tano lilizoshinda, likawanunulia wote vinywaji.

Nimekaa hapo kwa sababu naona kambi nyingi zinazoanzishwa kwetu zikijazwa mashindano: bendi bora, hema bora, wimbo bora, kikombe. Tunadhani ushindani ndio unaowachangamsha watoto. Unawachangamsha, ndiyo, lakini unawagawa haraka kuliko tunavyofikiri, na kuwalisha pilau pamoja siku ya mwisho hakuwarudishi. Ukitaka watoto wa Kariakoo na wa Masaki wafahamiane, au wa Eastleigh na wa Karen, wape mtaro wa kuchimba.

Ziko pia kambi za watoto wagonjwa, na kwangu mimi hizo ndizo zilizoonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko zote. Insulini iligunduliwa mwaka 1921 huko Toronto, na watoto wenye kisukari, ambao awali walikufa mapema, wakaanza kuishi. Lakini maisha yao yalikuwa ya sindano kila siku, na mara nyingi mama ndiye aliyeshika sindano. Mwaka 1925 daktari Leonard Wendt alianzisha huko Michigan kambi kwa ajili yao. Baadaye nyingine zikafuata mahali pengi duniani. Shuleni mtoto mwenye kisukari hujificha chooni ajidunge. Kambini, kabla ya chakula, meza nzima inatoa vidole, kila mmoja anajitoboa, kila mmoja anasoma kipimo chake, na mtoto wa miaka saba anamtazama wa miaka kumi akijidunga tumboni huku anaendelea kusimulia habari za mpira. Siku mbili tatu, naye anaomba ajaribu. Daktari anaweza kumweleza mtoto kwamba hayuko peke yake. Pale mezani haelezwi, anaona.

Mwigizaji Paul Newman alifungua kambi ya namna hii mwaka 1988 huko Ashford, Connecticut, kwa ajili ya watoto wenye saratani na maradhi mengine mazito, na kutokana nayo umekua mtandao wa kambi katika nchi mbalimbali. Barani Afrika zimefanyika kambi za watoto wanaoishi na VVU, ambako kijana aliyekulia na siri hiyo anakaa kwa mara ya kwanza na wengine wanaomeza vidonge kama vyake. Mtu akiniambia kambi ni anasa ya wazungu, namtajia kambi hizi.

Na simu? Wazazi wengi huniuliza hilo kwanza. Mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha UCLA walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto 51 wa darasa la sita waliokaa siku tano katika kambi ya California bila skrini yoyote. Waliporudi waliweza kusoma hisia katika nyuso za watu vizuri kuliko walivyokuwa, na maendeleo yao yaliwapita wenzao waliobaki katika maisha ya kawaida. Ni uchunguzi mdogo, wa siku chache, na sitaki tuubebeshe mzigo usiouweza. Ila yeyote aliyeishi na watoto nje ya mtandao ameona jinsi siku ya tatu wanavyoanza kutazamana wanapozungumza.

Nije kwenye machozi, maana hapo ndipo wazazi wengi wanapokwama. Mtoto atakumbuka nyumbani. Mwanasaikolojia Christopher Thurber, aliyechunguza wavulana kambini miaka ya 1990, alikuta zaidi ya wanane kati ya kumi wakisema walihisi hamu ya nyumbani angalau siku moja. Kwa hiyo mtoto anayelia usiku wa kwanza hana kasoro. Yuko kama wenzake. Nilikuwa na mtoto mmoja aliyekuja kitandani kwangu usiku wa pili na viatu vyake mkononi, tayari kwa safari. Sikumpa hotuba. Nilimwomba anisaidie kushika tochi, kwa sababu mwenzake wa kitanda cha chini alitaka kwenda choo na aliogopa giza. Wakaenda wawili, nami nyuma yao. Walirudi wakibishana kama kile kilicholia kilikuwa ndege au chura, na viatu vikawekwa chini ya kitanda.

Mwaka 2007 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo juu ya hamu ya nyumbani, Thurber akiwa mmoja wa waandishi. Mtoto ashirikishwe kuamua kama aende na aende wapi. Alale kwanza siku mbili tatu kwa shangazi au kwa rafiki. Na mzazi asiahidi kumfuata akihuzunika. Ahadi hiyo, tunayoitoa kwa mapenzi, ndiyo inayomharibia. Inamwambia kwamba hata wewe huamini kama ataweza, na kuanzia hapo anakaa kambini akilingojea gari lako.

Nimesikia hoja mbili dhidi ya yote haya, na zote ni za haki. Ya kwanza: watoto wetu tayari wanaishi bweni miezi tisa kwa mwaka, kambi ya nini tena? Wenzangu, bweni na kambi havifanani. Bweni mtoto anaishi kwa kengele na mitihani, mamia ya watoto chini ya matroni mmoja, na kazi anayopewa mara nyingi ni adhabu: fagia uwanja kwa sababu umechelewa. Tumewafundisha watoto kwamba kazi ya mikono ni fedheha. Kambi nzuri haina alama wala namba moja, na kazi ni zamu ya kila mtu. Mtoto wa bweni, pengine kuliko wengine, anahitaji wiki mbili za aina hiyo.

Ya pili ni ya wazee wetu: sisi tulikuwa na kambi zetu. Ni kweli. Jandoni vijana walitengwa na mama zao, wakawekwa chini ya walezi, wakarudi watu wengine. Na mtoto wa mjini alipelekwa shamba kila likizo, kwa bibi, akachote maji, akafukuze ndege mpungani, akachunge mbuzi ambao wakipotea kweli hakuna maziwa. Kama una bibi wa namna hiyo, mpeleke mtoto kwake na hela ya kambi umnunulie bibi mbuzi. Lakini wengi wetu hatuna tena. Bibi amehamia mjini kwa mwanawe, shamba limegawanywa, na kule kijijini penye umeme mtoto anamaliza likizo mbele ya katuni zile zile. Isitoshe, kwa bibi mtoto ni mjukuu, anapendwa kabla hajafanya lolote. Kambini watu hawamjui, na inabidi wamjue kwa matendo yake.

Siwezi kumaliza bila kusema juu ya usalama, na hapa sitapunguza maneno. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 2025 mto Guadalupe, jimbo la Texas, ulifurika ukaikumba kambi ya wasichana ya Camp Mystic. Walikufa 27, watoto pamoja na walezi wao wawili. Mwaka ule ule Texas ikapitisha sheria ya kukataza mabanda ya kulala watoto katika maeneo yanayofikiwa na mafuriko. Kwetu, Septemba 2024, moto uliwaua wavulana 21 katika bweni la shule ya msingi huko Nyeri. Na kuna hatari isiyopiga kelele kama mto. Chama cha Skauti cha Marekani kiliomba kinga ya kufilisika mwaka 2020, na waliojitokeza kudai kwamba walidhulumiwa kingono utotoni walizidi 82,000. Hakuna faida ya kambi inayolipa mtoto mmoja wa hao. Mzazi anayeuliza maswali magumu hasumbui mtu. Anafanya kazi yake.

Kwa hiyo ulizeni. Mabanda yako umbali gani kutoka mtoni, na mvua ikija usiku nani anaamka? Kila chumba kina milango mingapi, na inafungwa kutoka upande gani? Walezi ni wangapi? Chama cha kambi cha Marekani kinataka, kwa kambi za kulala, mlezi mmoja kwa watoto sita wa miaka sita hadi minane, na mmoja kwa wanane wa miaka tisa hadi kumi na minne. Je, mtu mzima anaweza kubaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana? Jibu likiwa ndiyo, au likiwa kicheko, mrudishe mtoto nyumbani siku hiyo hiyo.

Wakikujibu vizuri yote hayo, uliza na hili: mwanangu atafanya kazi gani kila siku, na asipoifanya nani atakosa nini? Mkuu wa kambi akianza kukutajia bwawa la kuogelea, farasi na vyakula vya kila siku, mshukuru na utafute nyingine. Akikuambia kwamba Jumanne mwanao ndiye wa kuteka maji ya jiko, na kwamba asipoteka watoto thelathini watachelewa kunywa chai, mwandikishe.